Mashine Isiyosubirisha

Jumatatu, 3 Februari
Nimefagia, nimepangusa padi za kuchezea, nimempa mama uji. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa mlangoni kabla sijamaliza. Chumba cha mbele ni cha gemu, cha nyuma ni cha mama. Katikati kuna pazia na mimi.

Tangu apatwe na kiharusi hawezi kujigeuza. Muuguzi alisema ageuzwe mara kwa mara, la sivyo ngozi itachubuka. Mimi humgeuza gemu inapopakia. Mechi ikiisha, mashine huanza kusoma diski yake, picha ya uwanja imeganda, aliyefungwa anainuka, mwingine anakaa, wanataniana. Huo ndio muda wangu. Unatosha kumgeuza na kumnywesha maji.

Boni amepiga simu kutoka Nairobi. Ametutumia mashine mpya. Kaka yangu anaongea utadhani amepata mtoto.

Jumatano, 5 Februari
Imefika. Nyeupe, kubwa, haina kelele. Boni anasema diski yake haina kitu kinachozunguka ndani, ndiyo maana haisubirishi. Inavuta nyasi, mashabiki na wachezaji kwa mpigo mmoja. Nimebonyeza, nikapepesa macho, mpira uko katikati ya uwanja. Kwa kweli ni nzuri. Nimecheza mechi moja peke yangu, nimefungwa, nimecheka.

Alhamisi, 6 Februari
Sicheki tena. Hapa mtaani Shieywe tunalipisha kwa mechi, si kwa saa. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Sasa kipenga cha mwisho kikilia, mshindi ameshabonyeza mechi nyingine. Nisiposimama pale wanacheza bure. Nikifunga mlango kidogo wanahamia kwa jirani. Mama ameita. Nimesema nakuja. Ameita tena.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeona wekundu mgongoni mwake, chini kabisa. Nimejichukia.

Boni kwenye simu: "Watu wameongezeka, sista?" Wameongezeka. "Si unaona. Hakuna kungojangoja tena." Nimemwambia nataka mtu wa kunisaidia. Anasema tungoje biashara isimame kwanza. Biashara imesimama. Mimi pia nimesimama, kutwa nzima. Miguu imevimba.

Jumapili, 9 Februari
Sikuenda kanisani. Nimetoa diski ya zamani kwenye droo, ile ya nje tuliyokuwa tukihifadhia gemu, nikaichomeka nyuma ya mashine mpya. Toleo jipya la gemu ya mpira limekataa kucheza kutoka huko. Mashine inasema lazima likae ndani. Toleo la zamani limekubali. Basi nimelihamishia nje, na lile jipya nimelifuta.

Nikaanzisha mechi. Picha ya uwanja ikaganda. Nimeenda nyuma, nimemgeuza mama, nimempaka mafuta, nimerudi. Bado inasoma. Nimelia kwa furaha. Aibu pia ipo. Mtu mzima naharibu kitu kizuri kwa makusudi.

Jumanne, 11 Februari
Wamelalamika. Shikuku wa bodaboda ndiye amepaza sauti: "Madam, hii mashine imezeeka haraka hivi? Za wengine hazichelewangi hivi." Nimesema ni joto. Nadanganya vizuri kuliko nilivyodhani.

Wakingoja wanapiga domo kama zamani. Wekundu haujaongezeka.

Alhamisi, 13 Februari
Boni anakuja kesho. Kurudisha toleo jipya kwa mtandao wetu huu ni kazi ya siku kadhaa. Siwezi. Naogopa. Nyumba ni ya mama, lakini mashine ni ya Boni, na obusuma, ugali tunaokula, unatoka kwenye mashine. Sina pa kwenda na sina wa kumwachia mama.

Ijumaa, 14 Februari
Amefika na mkate. Amemsalimu mama kutoka kwenye pazia, akaketi mbele ya TV. Akabonyeza. Picha imeganda. Amengoja.

Mama akaita jina langu, polepole.

"Huwa anaitanga hivi?" Boni akauliza.

"Kila saa."

"Mimi sijawahi sikia."

Nikamwambia akija huwa anacheza. Ilitoka vibaya. Sijutii. Halafu nikamweleza yote, diski, wekundu, uongo wa joto. Alikasirika. Alisema nimemwaibisha mbele ya wateja, nimefanya mashine ya maana kuwa takataka. Mama akaita tena. Sikuinuka. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Boni aliweka padi chini akaenda mwenyewe. Nilimsikia akimuuliza mama amshike wapi ndipo asimuumize.

Alikaa huko muda mrefu. Gemu ilikuwa tayari na hakuna aliyeigusa.

Jumapili, 16 Februari
Boni amerudi Nairobi. Hakuomba msamaha. Mlangoni alisema tu, "Iache vile iko." Mtu wa kunisaidia hakumtaja. Bado ni mimi.

Nimefungua alasiri. Mechi ya kwanza imeisha, nimepita pazia. Nimemgeuza mama alale ubavu wa kushoto. Amenishika kwa ule mkono wake mzima, haachilii. Nimekaa kitandani. Wameniita kutoka mbele, gemu iko tayari.

Wangoje.