Koti la Mzee Gaudence

Ipagala,
Dodoma.
8 Septemba 2024

Mpendwa Mama mdogo Erica,

Shikamoo. Hujambo wewe? Baba mdogo hajambo? Na wadogo zangu huko Sumbawanga, bado wanashinda na masweta mpaka saa sita mchana? Huku kwetu upepo wa kiangazi umeshika kasi. Tunafagia vumbi asubuhi, jioni limerudi palepale utadhani lina hati ya kiwanja. Obedi ameota meno yake mawili ya mbele na tangu hapo anajiona mzee, hataki tena kutumwa dukani. Mimi ni mzima wa afya.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu Baba huweka spika, Obedi anasikia, Mama anasikia, na mimi nasema tuko salama kwa sababu hilo ndilo linalosemeka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Leo tumetoka kanisani nikaona nikae nikuandikie yote tangu mwanzo, maana nadhani umeambiwa vipande vipande.

Yalianza msibani. Unamkumbuka Mzee Gaudence, jirani yetu wa nyumba ya pili, yule Mhehe mstaafu wa reli aliyekuwa akichechemea. Alifariki mwezi wa sita. Sisi Wagogo ndio watani wao, kwa hiyo Mama ilimbidi afanye kazi ya mtani, na dada yako unamjua. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akashika fimbo yake, akachechemea uani vilevile kama yeye, akamwuliza mjane mbona uji wake mpaka sasa haujaiva. Siku ya kuzika akalala mlangoni jeneza lisipite. Akasema Mhehe haendi popote mpaka alipe mbwa wote aliowala tangu ahamie Ipagala. Watu walishika mbavu, wakamtupia sarafu ili apishe. Mama Cornel, mjane mwenyewe, alicheka huku machozi yanamtoka. Wahehe waliotoka Iringa walisema mtani wa aina hii hawajamwona siku nyingi. Mimi nilijivuna, tena sana.

Utani wa msibani una mwisho. Mkishazika mnanawa, mnakula, na mtani anavua nguo za marehemu anarudi kuwa jirani. Mama hakuvua. Jioni bado alikuwa na koti, tukacheka. Kesho yake akaniita mjukuu wangu kwa sauti ya Mzee Gaudence, tukacheka tena. Akaacha kulala. Akawa anaongea harakaharaka, anaingia anatoka, anaulizia treni imefika wapi. Akaenda kwa Mama Cornel akamwambia ainuke kitandani, mwenye kitanda amerudi, na wanawake waliokuwepo wakaangua kicheko wakidhani bado ni utani. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Mama Cornel. Alikuja hapa nyumbani kabla hata hajamaliza siku za matanga, akamwambia Baba, "Baba Hana, mtani huwa anajua kwamba anatania. Huyu hajui. Mpeleke hospitali."

Baba akampeleka Mirembe. Sisi watoto wa Dodoma jina la hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili tumelitumia tangu chekechea, mtu akikosea hesabu tu anaambiwa akashukie Mirembe. Sasa shuleni hakuna anayelitaja nikiwa karibu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wote wanajua.

Watu wananisifu kuwa ni jasiri, hata mchungaji alisema hivyo mbele ya kanisa. Si ujasiri, Mama mdogo. Unakumbuka uliponipeleka kung'olewa jino, nikachomwa sindano ya ganzi, nikawa nalishika shavu langu kama la mtu mwingine? Ndivyo nilivyo. Napika, nafua, namwogesha Obedi, naenda shule. Juzi mwalimu wa Biolojia alifundisha ubongo, akauliza swali, nikanyoosha mkono, nikapata, nikakaa. Sijalia hata mara moja. Kuna wakati najiogopa mwenyewe.

Mama alirudi nyumbani mwezi wa nane. Anameza vidonge asubuhi na usiku. Daktari alisema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si laana wala si aibu, na dawa zisikatishwe hata akionekana amepona. Muuguzi mmoja akanifundisha vitu vya kuangalia: asipolala, akianza kuongea mbio, macho yakianza kung'aa na kuhangaika. Kwa hiyo kazi yangu sasa ni kumwangalia Mama macho. Mpaka sasa hayahangaiki. Anakaa kwenye mkeka pale nyuma ya nyumba, mikono inamtetemeka kidogo, ukimwuliza jambo anajibu wakati wewe umeshasahau uliuliza nini. Na hatanii. Yule aliyekuwa akimtania hata mwenyekiti wa mtaa mbele ya wajumbe wake, sasa hatanii mtu. Jioni nakaa naye tunanyamaza wote wawili. Nina hamu naye, na yupo hapa hapa mkekani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bibi alikuja kutoka Mlali na mlenda mkavu na karanga. Alipomwona mwanawe alilia mpaka majirani wakaja. Anasema Mzee Gaudence ndiye aliyemshika kwa sababu ya koti lake, na hivyo vidonge ndivyo vinamzima kabisa. Mwisho wa mwezi huu anakuja kumchukua akakae naye Mlali, aombewe na afanyiwe mambo ya kimila, na vidonge vibaki huku. Baba hawezi kubishana na mkwe wake. Unajua hata usoni hamtazami, anainamisha kichwa tu na kuitikia. Na mimi mjukuu wa kidato cha tatu niseme nini mbele ya Bibi? Tena nikueleze ukweli, nusu ya moyo wangu ilikubali. Nilijiambia kama vidonge ndivyo vilivyochukua kicheko cha Mama, basi na vibaki.

Halafu Alhamisi Mama Cornel akaja. Hakuwa amekaa na Mama tangu siku ile. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele. Akaketi mkekani, wakasalimiana. Mara akasema, "Ila ninyi Wagogo kwa kuomba mmezidi! Hata koti la maiti mmeomba, na kurudisha hamrudishi."

Niliacha mchele. Nilitamani kumziba mdomo yule mama. Mama alitazama ukuta muda mrefu, nikajua hajasikia. Kisha akasema polepole, "Hana, mletee koti lake. Linanuka mbwa."

Mama Cornel alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama hakucheka, aliinua tu upande mmoja wa mdomo. Mimi sikucheka. Nilipiga magoti mbele yake nikamtazama macho, kwa sababu hivyo ndivyo yalivyoanza, kwa watu kucheka. Macho yalikuwa yametulia. Yalikuwa yamechoka tu, kama ya mtu aliyetoka safari. Nikaleta koti, Mama Cornel akaondoka nalo, na usiku ule Mama alilala mpaka asubuhi.

Mama mdogo, wewe ndiye uliyekua naye. Niambie, maneno yale yalikuwa ya kwake? Mimi nadhani yalikuwa ya kwake. Nakuomba sana umpigie Bibi kabla mwezi haujaisha, maana wewe ni wa kumzaa mwenyewe na anakusikiliza kuliko sisi wote. Mwambie kama ni koti, limerudi kwa wenyewe. Kama ni maombi, waje hata kwaya nzima, tutaitikia amina mpaka sauti zikauke. Lakini vidonge viende na Mama popote atakapokwenda. Mwambie pia kwamba Alhamisi asubuhi nilimpa vidonge kwa mkono wangu, na maji, nikasimama mpaka akameza. Alipomjibu Mama Cornel vilikuwa tumboni. Basi si vidonge vilivyomzima.

Nisalimie Baba mdogo na wadogo zangu, mwambie Lydia mdogo kitambaa chake nimekidarizi nusu, atakipata. Baba anakusalimu. Obedi anasema umletee soksi. Mama Cornel naye ameniagiza salamu zake zisisahaulike. Mungu awatunze kwenye baridi hiyo, na siku ukisafiri akufikishe mlangoni kwetu salama.

Ni mimi mwanao nikupendaye, na ninayekutegemea katika hili,

Hana

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, Mama akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, Mama mdogo Erica. Akanyamaza mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie asinililie. Mimi sijafa, aliyekufa ni Mhehe."

Nilicheka, Mama mdogo. Nilicheka kabla sijakumbuka kumtazama macho.