Mitungi Aliyoipaka Baba

Tarehe 2 Februari

Kwako mwanangu,

Nakusalimu nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Wewe je, hujambo? Kikohozi kile kimekuacha? Simu yako niliipata, lakini unanijua mimi na simu, maneno yanapita tu na kwenda zake. Barua naisoma nikiirudia nitakavyo.

Nina habari. Baba yako amepata kazi! Tangu ifunguliwe ile karakana kubwa barabarani, mimi nilibaki kupaka rangi mageti na vitanda vya watoto. Sasa amenijia mfanyabiashara mmoja na lori zima la mitungi ya gesi. Anasema imetengenezwa nje, na ikishajazwa inarudi kuuzwa hukohuko nje. Anataka ing'ae kama imetoka kiwandani jana. Na unajua itajazwa wapi? Kwenye yadi yenu! Sikumwambia kwamba mkaguzi wa pale ni binti yangu, asije akadhani natafuta upendeleo.

Hali ya mitungi ilikuwa mbaya, mama. Kutu, mabonde, mingine imeungua ubavuni. Nimepiga msasa, nimejaza puti kwenye mabonde, nimepiga msasa tena. Ukipitisha kiganja hujui bonde lilikuwa wapi. Jana nilijikuta napiga mluzi, na jirani akauliza kama naoa. Nilidhani mikono hii imeshasahauliwa, kumbe bado imo.

Niambie, huko kwenu rangi gani inapendwa?

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 11 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Nimempa kondakta wa basi la huko kwenu dawa ya kuchua goti. Usiipake na kuondoka mbio kazini, kaa kidogo iingie.

Hongera sana kwa kazi! Barua yako niliisomea kantini, nikawa nacheka peke yangu mpaka wenzangu wakauliza nani ameniletea posa.

Rangi yoyote inafaa, ila pale shingoni penye maandishi yaliyogongwa kwenye chuma usipazibe. Hapo ndipo tunaposoma mtungi ulitengenezwa lini na ulipimwa mara ya mwisho lini. Mitungi ya nje ina masharti yake. Haina mhuri wa kwetu, kwa hiyo haturuhusiwi kuijaza itumike hapa. Tunaijaza tu ikiwa inasafirishwa, na kabla ya hapo tunakagua koki na kuutazama mwili wake wote.

Kuhusu hayo mabonde na puti, tutazungumza nikija. Nani mimi nimfundishe baba yangu kazi ya mikono? Wewe endelea, ila utunze kifua na harufu ya rangi.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, na goti limekubali mazungumzo.

Kazi imekwisha. Niliipanga mitungi nje ya kibanda ikauke, na watu wakawa wanasimama kuitazama. Hata fundi mkuu wa ile karakana alipita, akajifanya anatafuta njia. Shingo nimeziacha kama ulivyosema. Lori linaondoka wiki ijayo.

Kuna jambo jingine nimelipanga lakini sikwambii. Wewe subiri tu.

Baba yako


Tarehe 6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti halijakasirika tena. Mimi mwili hauna neno.

Nina habari mbaya, na naomba uisome ukiwa umekaa. Mitungi ile imekataliwa yote. Niligonga mmoja kwa tindo, kama kazi inavyotaka, na puti likabanduka. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kimebaki chembamba. Tukaupeleka kwenye jaribio la maji. Tunaujaza maji, tunayasukuma kwa presha kubwa, tunaangalia kama mtungi unatanuka na kurejea hali yake. Ulitanuka, haukurejea. Ingekuwa ni gesi, tena jikoni kwa mtu, sijui wangezikwa wangapi. Mtungi wa namna hiyo sheria inataka utobolewe, asije mwingine akaujaza kwa siri. Mingine nayo ilikuwa vilevile, na imetobolewa yote.

Kosa ni langu, Baba. Wewe uliniandikia wazi kwamba umejaza puti. Nilijua palepale kuwa haliruhusiwi, kwa sababu linaficha kile tunachotakiwa kukiona. Nikaona haya kukukatia furaha. Ningesema neno moja tu, usingeaibika.

Lakini ujue sikukuacha. Msimamizi wetu alipouliza kwa hasira nani anamjua fundi aliyefanya haya, nilijitokeza. Nilisema, "Ni baba yangu. Ni fundi hodari, hakuijua sheria. Aliyeijua ni mimi." Kwa hiyo hapa hakuna anayekusema vibaya.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Sijapata jibu lako. Simu inaita mpaka inachoka. Kondakta anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi na ukamshukuru.

Umenikasirikia kwa ajili ya mitungi? Basi nitukane, nijue uko hai.

Mwanao


Tarehe 3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na sijakukasirikia. Ni mkono tu uliokuwa mzito.

Lile jambo nililokuficha ni hili. Nilikuja na lori. Nilimwomba dereva nikae mbele pamoja naye na utingo wake mwenye mvi. Nilivaa shati jeupe nililoshonewa kwa harusi ya dada yako. Nilitaka nikuone kazini kwanza, kisha nikutokee ushtuke. Getini walinipa kofia ngumu, wakaniambia nisimame nyuma ya lori. Ulipotoka na tindo mkononi, na wanaume wazima wakikupisha njia, nilimgusa utingo begani nikamwambia, "Yule ni wangu."

Niliona yote. Niliona puti langu likidondoka kama ganda la yai. Nilimsikia msimamizi akiuliza nani anamjua fundi huyu, na nilikusikia ukijibu, "Simjui. Labda ni fundi wa kupamba majeneza." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana lilikuwa neno la kweli. Utingo akanigeukia, akanitazama. Nikamwambia, "Aa, macho ya uzee haya. Nimemfananisha." Kisha nikapanda mbele ya lori, nikangoja tuondoke.

Barua yako ilinikuta nyumbani siku chache baadaye. Nimeisoma tena na tena. Yule binti uliyemwandika humo amenitetea vizuri sana, na sikutaka kukujibu upesi, ili nikae naye kidogo.

Usidhani naandika ili nikuchome. Aibu ya kwanza ni yangu. Maisha yangu yote nimesikia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, nami nikaketi kwa wiki tatu nikayaficha maradhi ya chuma, tena kwa mluzi. Mtu angewasha jiko mahali nisipopajua, na kazi ya mkono wangu ndiyo ingemuua. Nimezunguka kwa mafundi rangi wote wa mtaani, hata pale karakana kubwa, nikawaambia mtungi wa gesi usiguswe na puti. Fundi mkuu akaniuliza nani amenifundisha hayo. Nikamjibu, mkaguzi mmoja kule yadini. Sikuongeza neno.

Fanya kazi yako kama ulivyoifanya siku ile. Kuhusu kuandika, usijihimize.

Baba yako


Tarehe 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui niliulizie goti lako kwa uso gani, lakini naliulizia. Linaendeleaje?

Barua yako niliisomea chooni kazini, ndipo mahali pekee penye komeo. Nilikaa humo mpaka wakabisha hodi. Baba, nimeona aibu, sina neno jingine. Nilikukana mbele za watu, kisha nikakuandikia uongo ili unishukuru. Hili la pili ndilo linaloniunguza zaidi. Nilipokuwa naandika ile barua nilijisikia mtoto mwema, kweli kabisa. Niliifunga bahasha nikalala vizuri.

Ukiniuliza kwa nini, ninazo sababu. Niliogopa watasema lori lile lilikuja kwa kunitegemea mimi nilipitishe. Niliogopa kuvuliwa ukaguzi. Lakini yote hayo nayasema sasa. Siku ile kulikuwa na kicheko tu, puti linadondoka na watu wanacheka, nami nikataka kuwa upande wa wanaocheka.

Juzi lori lile lilirudi na mzigo wa mtu mwingine. Nilimwona yule utingo mwenye mvi anafungua turubai. Nikaweka tindo chini, nikamwendea, wenzangu wote wapo na msimamizi yupo. Nikamwambia kwa sauti, "Yule mzee uliyekuja naye hakunifananisha. Ni baba yangu. Ndiye aliyeipaka ile mitungi, na mimi nilijua kabla haijafika."

Msimamizi akaniuliza mbona siku ile nilisema simjui. Safari hii hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Ameniita ofisini Ijumaa. Sijui kama nitatoka humo nikiwa bado mkaguzi, na akiniondoa hatakuwa amenionea.

Utingo alisubiri msimamizi aondoke. Akaniambia, "Nilijua, dada. Mmefanana mpaka mnavyosimama. Njia nzima ya kurudi mzee alikuwa anakusifu, kwamba kwa yule mkaguzi mtungi mbovu haupiti hata upakwe dhahabu. Anasifu huku anajifuta machozi kwa mkono wa shati lake jeupe. Dereva akazima redio."

Hilo hukuniandikia, Baba.

Jumamosi nakuja. Sitashuka karibu na nyumbani. Nitashuka pale kwenye karakana kubwa, penye mafundi wote na watu wote, nitembee kwa miguu mpaka kibandani kwako. Nikikuona, nitakuamkia nikiwa bado barabarani, kwa sauti, kila mtu asikie.

Naomba uniitikie.

Mwanao