Mtani Wangu wa Sayari Nyingine

Shikamoo dada Zuhura,

Mdogo wako nimefika sayari nyingine bila kutoka Mjimwema! Mwalimu mmoja Mzungu ana mchezo wa mezani, mnasafiri angani kwa maneno na dadu. Sayari huzinunua zikiwa zimeshatungwa kitabuni, pamoja na mvua zake na wenyeji wake. Tulipotua, likatokea jitu la macho sita.

"Hawa huua kila mgeni," mwalimu akasoma kitabuni. "Mtu wako akifa, umetoka mchezoni."

Wenzangu wakakimbia. Mimi nikalisogelea: "We jitu, sura kama kiazi kilichotafunwa na fuko! Mimi si mgeni, ni mtani wako!"

Mzungu akapekua kitabu kizima, habari za utani hamna. Akarusha dadu iamue, jitu likaangua kicheko.

Wenyeji wamenipa na shamba hukohuko. Noa jembe, dada, palizi ni yako. Nimekukumbuka mno.

Issa