Mahali pa Kumlaza Georgina

Jumapili, tarehe 7 Julai 2013. Brussels

Nyumba imejaa watu tangu juzi, na mwenye nyumba ndiye hana pa kukaa. Wanawake jikoni, wanaume sebuleni, watoto kwenye ngazi za jengo mpaka jirani wa chini amepanda kugonga. Nikamwambia mke wangu amekufa. Akashuka zake.

Georgina amefariki Ijumaa, huko Iceland, kwa binti yetu Pamela. Moyo. Alikuwa bustanini, akainama, hakuinuka. Hayo ndiyo yote niliyoelewa kwenye simu. Mengine yalikuwa kilio.

Otieno, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, ameshashika usukani. Mjaluo huyu kwa kupanga misiba hana mpinzani Ubelgiji nzima. "Mzee, don't worry. Tunamtoa kule, tunampeleka straight Kilimanjaro, Usangi anazikwa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nataka tu neno lako." Nikampa neno. Kuna nini cha kujadili? Nyumba ya Usangi, kwetu Upare, nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa kuosha madirisha ya yale maofisi marefu ya mtaa wa Nord. Nilianza na ngazi moja na ndoo. Nyuma ya migomba nimeacha sehemu ya makaburi mawili, lake na langu. Alikuwepo tulipopima. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba!

Jioni amekuja Maman Yolande, Mkongo mwenye duka la vitenge pale Galerie d'Ixelles. Walipendana sana na Georgina. Ameleta kitenge cha njano. "Papa Nehemia, ukamuvalishe hii, eh? Asiende kwa Mungu na nguo ya baridi. Donc umuambie Pamela asisahau kitambaa ya kichwa." Analia huku anakunja, anakunjua, anakunja tena.

Kesho naondoka.

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Nimefika. Ndege, kisha saa sita ndani ya gari na mkwe wangu Steinar, ambaye husema maneno mawili kila tukivuka daraja. Nchi haina miti. Mlima, mto, mlima, kondoo. Hata kondoo hawana mchungaji — wametawanyika mlimani wenyewe na watoto wao, na hakuna anayehangaika.

Pamela amenipokea mlangoni. Kanikumbatia, kisha kaniambia nivue viatu. Sawa.

Jikoni kuna kiti kimoja chenye sweta ya sufu mgongoni. Wote wanakikwepa wasikikalie. Ni ya Georgina.

Hii ndiyo nyumba aliyoijia kila kiangazi, miaka mitatu mfululizo. Juni anaondoka, Septemba anarudi na mitungi ya jamu. Mimi sikuwahi kuja. Madirisha hayajioshi. Na kiangazi ndipo wenye majengo wanapotaka kazi.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Nimemweleza Pamela mpango wa Otieno: ndege gani, siku gani, nani atapokea Kilimanjaro. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, Mama alitaka azikwe hapa."

Hapa! Kuna kanisa dogo shambani, la mbao, limeezekwa bati jekundu. Lina ua wa mawe na makaburi ya ukoo wa Steinar. Hapo, eti.

"Alikwambia lini?"

"Mwaka jana. Na mwaka huu tena, alipofika."

"Mimi mumewe mbona hakuniambia?"

"Ungemwambia bei ya tiketi, Baba."

Nilitoka nje. Nilikuwa nimevaa soksi. Sikurudi kuchukua viatu, nilitembea hivyo hivyo mpaka kwenye uzio. Kuna ndege weupe huku, wadogo, wenye mdomo kama sindano, wanashambulia kichwa cha mtu asiyewafanya chochote. Wamenidonoa utosini. Steinar amenifuata na fimbo, akanionyesha: unaishika juu ya kichwa, ndege anapiga fimbo badala yako. Tukarudi hivyo, wanaume wawili na fimbo zetu juu, kama wendawazimu.

Siamini. Namaanisha, siamini kwamba alisema. Mtu akiwa likizo husema mengi.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Msiba lazima uwe na watu. Asubuhi nimetoa viti vyote ghalani, nikavifuta, nikavipanga mbele ya nyumba safu mbili. Nikamwambia Steinar kupitia kwa Pamela: hakuna kazi mpaka tuzike au tusafirishe. Kwetu jembe halishikwi wakati maiti hajalala. Amekubali kwa kichwa. Lakini saa sita mchana redio iliposoma hali ya hewa, nyumba nzima ilinyamaza kuliko wakati wa sala. Jua mpaka Jumapili. Baada ya hapo mvua wiki nzima.

Nyasi zake bado zimesimama. Nimepiga hesabu, siwezi kujizuia: kondoo mia tatu wa kulishwa ndani tangu Oktoba mpaka Mei, si chini ya robota mia nne za nyasi kavu. Hana hata moja. Amekaa kwenye kiti changu cha tatu, mikono magotini.

Hakuna jirani aliyekuja kukaa. Hata mmoja! Gari limepita barabarani, likapunguza mwendo, dereva akainua mkono, akaenda zake. Mke wangu amekaa hapa viangazi vitatu na hana wa kumkalia matanga.

Alikuja mchungaji tu. Mwanamke, kijana, Mlutheri kama sisi. Amesema uamuzi ni wa mume, kanisa litafuata. Nilimshukuru. Pamela alitafsiri huku anaangalia dirishani.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Tumekwenda mochari ya mjini kumvalisha Georgina. Pamela kafanya yote, mimi nilishika kitenge.

Mikono yake. Ngumu viganjani, kucha zimekatwa fupi kabisa. Pua imebabuka kwa jua. Brussels alikuwa na mikono laini, alikuwa anaipaka mafuta mbele ya televisheni na kulalamika baridi.

Kitambaa cha kichwa kimekaa vizuri.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Nimeamshwa na injini. Nikachungulia: trekta tatu zinaingia shambani, moja nyuma ya nyingine, na nyingine inashuka barabarani. Zimeanza kukata nyasi mbele ya nyumba ya msiba, mbele ya viti vyangu!

Nikatoka kama nilivyo, nikasimama mbele ya ile ya kwanza, mkono juu. "Hapa kuna msiba!" Kwa Kiswahili. Nilisahau lugha zote. Trekta ikasimama, karibu inifikie kifuani. Akashuka mzee mnene, mwekundu, akavua kofia. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema jambo refu.

Pamela akaja anakimbia. "Anaitwa Hjalti, Baba, jirani yetu. Anasema wamekuja kukata ili Steinar asitoke nje. Ili sisi tukae."

"Nani amewaita?"

"Hakuna. Wamesikia redio."

"Na mbona Jumatano hawakuja kukaa?"

Pamela akamuuliza. Mzee akashangaa, akajibu kifupi. "Anasema, kukaa kungesaidia nini?"

Nikatoka njiani. Msiba wa injini! Lakini lazima niandike kwamba kazi niliijua. Hawakupoteza kona hata moja. Wa kwanza anakata, wa pili anageuza, wa tatu anakusanya safu, wa nne anaviringisha na kufunga plastiki nyeupe. Hakuna anayempigia mwenzake kelele. Vijana wangu wa madirisha, baada ya miaka yote, bado wanagombania ndoo.

Wake zao wakaleta keki, kahawa, samaki mkavu wa kupaka siagi. Mchana, wote wakaja kula — na wakakaa kwenye viti vyangu. Safu zote mbili zikajaa, wengine nyasini. Nikakaa mbele kama inavyopasa. Nikangoja wanipe pole.

Badala yake Hjalti akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya Georgina. Ile ya majani, pana, niliyomnunulia mimi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika usukani wa hewa. Akanyoosha shingo, akauma ulimi, akaenda mbele pole, pole, kisha akageuka nyuma kupungia watu, na — paa! — akajitupa chini. Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Nini hii?" nikamuuliza Pamela.

Alikuwa amepauka. "Baba, usikasirike. Anamwigiza Mama. Mama ndiye alikuwa anaendesha trekta ya kukusanya nyasi. Mwaka jana aliangusha nguzo ya uzio wa Hjalti kwa sababu alikuwa anawapungia."

"Georgina? Trekta?"

Mwanamke ambaye Brussels miaka ishirini hakukaa mbele kwenye gari. Alikaa nyuma na mifuko yake, anashika mlango kwa mikono miwili!

Watu wote wakawa wananitazama mimi. Hjalti amekaa chini na kofia ya mke wangu kichwani, hajui kama atapigwa. Na mimi nikajua hiki ni nini. Usangi wangemjua mara moja. Huyu ni mtani. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anayeigiza mwendo wake, anayecheka wakati wafiwa hawaruhusiwi. Na mtani ndiye anayefanya kazi za msiba ambazo mfiwa hawezi. Lakini hawa nani amewapa utani na sisi? Undugu huo ulianza lini?

"Mwambie," nikasema, "kwetu anayevaa kofia ya marehemu harudishi bure."

Pamela akatafsiri. Hjalti akawaza. Akapapasa mifuko, akatoa kipande cha samaki mkavu, akaniletea kwa heshima zote. Nikakipokea, ingawa kwetu anayelipa ni mfiwa. Nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa sauti, mpaka machozi. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka, nikaingia ndani.

Jioni robota zilikuwa zimejaa kwenye miteremko. Sikuzihesabu.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Kanisani. Watu ishirini na kitu na kanisa limejaa. Wimbo wa pili niliujua sauti, si maneno, nikaimba kwa Kipare cha mama yangu. Hakuna aliyegeuka.

Mvua imeanza mchana, kama redio ilivyosema. Robota za Steinar ziko salama kwenye plastiki.

Otieno amepiga. "Mzee, watu wa ndege wanataka confirmation kesho kabla ya saa sita. Ukichelewa tunapoteza nafasi, next ni wiki mbili. Kaka zako Usangi wameshaanza kuchimba." Nikamwambia nitampigia. Akasema, "Unapiga kuniambia nini? Si tumemaliza?"

Nimemuuliza Pamela, "Alisema kwa maneno gani? Usiniambie maana. Nataka maneno."

Akavuta kiti, akakaa. "Tulikuwa tunachimba viazi. Akasema: Mimi hapa sijaulizwa hata siku moja nitarudi lini."

Basi. Ndivyo alivyosema. Nami kila Jumapili kwenye simu nilikuwa na swali hilohilo, la kwanza kabisa. Lakini mume aulize nini? Nilikuwa namngoja! Kumngoja mtu nako sasa ni kosa?

Na mimi nikilala kule nyuma ya migomba, upande wangu wa pili atalala nani?

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Saa tatu asubuhi. Naandika nimesimama jikoni.

Steinar ameniambia mapema kwamba mtunza kanisa yuko uani, atanionyesha mahali tu, si lazima nikubali. Nikaenda na Pamela, manyunyu yanapiga usoni. Mtunza kanisa ni bibi wa makamo ya mama yangu, Thora, amevaa buti za mpira na koti la mvua linalomfika visiginoni. Hakunipa pole. Alinipa futi ya kupimia nishike ncha.

Ni upande wa kusini, karibu na ukuta wa mawe. Kushoto amelala bibi yake Steinar, kulia pako wazi, kisha ukuta. Mlima uko mbele. Nyasi zimekatwa juzi kwa mkono, kwa sababu mashine haifiki. Ardhi nimeikanyaga: imara hata kwa mvua hii, inapitisha maji vizuri. Siwezi kuitoa kasoro. Nikatafuta.

Nikasema, "Mahali hapa ni pembamba."

Pamela akatafsiri. Bibi Thora akatazama futi, akanitazama mimi, akasema maneno machache. Pamela hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Baba..."

"Sema."

"Anauliza, ni pembamba kwa watu wangapi?"

Nikawaambia nimesahau miwani ndani. Ndiyo maana niko hapa. Miwani iko mfukoni.

Kutoka dirishani nawaona. Bibi bado ameshika ncha yake ya futi, ameikanyaga isirudi. Pamela ameshika niliyoiacha mimi. Wanangoja kwenye mvua.

Simu inatetemeka mezani. Otieno. Imenyamaza. Otieno tena.