Konokono wa Jiwe wa Ngerengere

Mume wangu Salehe,

Naandika kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, wala sijui nimpe nani barua hii.

Unakumbuka ulivyoniletea lile jiwe la kwanza? Tulikuwa kambi ya reli, Ngerengere, mkichimba mawe ya chokaa kupisha njia ya gari moshi. Ndani yake mlikuwa na kombe, gamba la chaza lililogeuka jiwe, mistari yake yote ikionekana. Mimi wa milimani bahari sijaiona. Wewe mtu wa Bagamoyo ulilitambua papo hapo.

"La baharini hili, mke wangu. Bahari ilikuwa hapa."

"Ikaondoka lini? Itarudi?"

Ulicheka. Mimi tangu siku ile nikisikia mto unavuma, nashtuka.

Kisha yule Mdachi, Mjerumani mkuu wa kambi, akayapenda makombe. Akaamuru yatolewe mazima, yatiwe kwenye masanduku yapelekwe kwao. Atakayevunja atakula viboko. Mwenzako mmoja alikwangua kipande tu. Mgongo wake niliuosha mimi kwa maji ya chumvi.

Adhuhuri ile uliingia mbio, umekumbatia konokono wa jiwe mkubwa kama sahani, amepasuka katikati.

"Nyundo imeteleza. Nyapara ananifuata."

Vile vipande nilivitumbukiza chunguni, kwenye maharage yanayochemka. Ulinigusa tumbo, ukapenya nyuma ya kibanda, ukashika njia ya msituni. Hata kuagana hatukuagana.

Nyapara akapekua mikeka, akapekua nguo zangu. Halafu akanipokonya mwiko, akakoroga. Jiwe likagonga chungu. Alinitazama usoni, akalitazama tumbo, akafunika chungu, akatoka. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alikuwa na haraka ya kukufuata wewe.

Sasa niko kwa mama, huku Matombo. Umepata binti, Salehe. Ana paji lako la uso. Askari wakipita bondeni namwingiza ndani na kumziba mdomo asilie.

Watu wakiniuliza baba yake yuko wapi, najibu, "Amekufa." Nisamehe. Nasema hivyo askari wasikutafute. Neno hilo nimelisema mara nyingi mno, hata mama ameanza kukuombea dua kama marehemu, nami naitikia amina huku nikiogopa lisije likawa kweli.

Njoo uniumbue mbele yao wote.

Mkeo, mama wa binti yako