Mama Mkuu Chini ya Ulimi

Troyeville, Johannesburg

Dada yangu Wakesho,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Goti lako limepata nafuu? Na masista wenzako hapo konventini hawajambo? Mimi ni mzima, ila ulimi bado unauma, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu.

Unajua kazi yangu dukani kwa Bwana Duarte, kule Braamfontein, ya kupiga picha sarafu za kale. Alhamisi alinikabidhi moja ya fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilitolewa zamani sana huko Ujerumani na mama mkuu wa nyumba ya watawa. Ndiyo, Dada, mtawa kama wewe! Alikuwa na mamlaka ya kutoa pesa zake mwenyewe, na sura yake imo: ameketi, ameshika kitabu. Nilikuwa nawaza utakavyocheka nikikutumia picha, mara wanaume wawili wakaingia na bastola.

Sijui nilifikiri nini. Niliitia ile sarafu mdomoni.

Mmoja alimlaza Bwana Duarte sakafuni. Mwingine akanikaba shingo.

"Eish, dada, funguo za kabati ziko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema!"

Nikifungua mdomo, itaonekana. Nikibana meno, itavunjika. Ukingo wake ulinikata, nikawa nameza damu. Nilitaka kumwomba Bikira Maria, lakini aliyenijia akilini ni yule mama wa kwenye sarafu. Nikamwambia moyoni, mimi nimekuficha, nawe nifiche.

"Achana naye, huyo bubu," mwenzake akasema. Wakavunja kioo cha kabati, wakazoa sarafu za dhahabu, wakatoka.

Bwana Duarte aliinuka. "Ile ya fedha iko wapi? Imevunjika?"

Nikaitema kiganjani mwake, nzima, imejaa damu yangu. Akaifuta, akaipeleka kwenye mwanga. Mimi nikachukua koti langu.

Jumapili alikuja hapa na mkewe. "Rudi kazini, Mghoi. Siku ile nilichanganyikiwa."

"Uliulizia sarafu kwanza," nikamwambia.

Sirudi, Dada.

Mama mwambie nimeacha kazi, basi. Ya bastola yabaki kwako. Nisalimie mjomba wetu katekista, na shangazi mwenye duka la nguo Voi. Na mkiingia kanisani jioni, niombee usingizi.

Mdogo wako akupendaye,
Mghoi