Tumbo la Paka wa Mama Yako

Mpwa wangu,

Mtaa huu mzima, mnyama akiugua, hata daktari wa mifugo huniuliza mimi kwanza. Nimewahi kumponya ng'ombe kwa kumkazia macho tu. Ndiyo maana barua yako imeniuma. Kurasa mbili nzima unamuulizia paka aliyeachwa na marehemu mama yako. Mimi mjomba mtu, hata salamu sikupata.

Tumbo lilipomvimba, nilijigamba kwamba kwangu anashiba. Manyoya yalipopoteza mng'ao, nikasema ni uzee. Kisha jirani yangu, fundi cherehani, akaona vitu kama punje za wali chini ya mkia wake. Nikamwambia kwamba paka amekalia chakula.

"Wewe mzee, wali gani huo unaotembea? Hiyo minyoo," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Daktari alimpima paka uzito, akanipa vidonge viwili: kimoja siku ile, kingine baada ya wiki mbili. Baadaye nilimwambia daktari kwamba paka amemeza vyote. Akashangaa mbona anazidi kukonda na kutapika. Nikamjibu dawa yake ni chaki tupu, na wewe nikakuandikia hivyo hivyo.

Sasa paka anaishi kwa fundi cherehani. Yeye alichukua vidonge vingine kwa daktari, akampa, na amepona. Paka huyo akiniona mlangoni hunipa kisogo.

Usimlaumu daktari. Vidonge vyake bado vimo mfukoni mwa koti langu. Paka alinitolea kucha mara moja tu, mpwa wangu, nikaogopa.

Ni mimi, mjomba wako